Nguo ya Kujaribia Pasi

Kola mwenyewe, habari hii ikisimuliwa mbele yake, hakatai wala hatafuti wakili. Siku ile mjinga alikuwa yeye, tena mjinga wa kujitegemea. Hakusaidiwa na mtu. Ila msimuliaji akikaribia kufika pale ukumbini, Kola hukohoa, akasema anakwenda kuangalia kama pasi imepata moto.

Alikuwa dobi. Walimwita Kola kwa sababu mbili, zote za kweli: mtaa mzima hapakuwa na mtu aliyenyoosha kola kama yeye, na mtaa mzima hapakuwa na mtu mwenye shingo ngumu kama yeye. Chumba chake cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba, na dirisha lake pana lilitazama barabara. Ndani palikuwa na meza ndefu iliyovishwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, pasi nzito ya umeme ambayo waya wake ulishafungwa utepe kila mahali kama mguu wa majeruhi, kopo la kunyunyizia maji, sufuria la wanga, na kamba iliyotoka ukuta huu hadi ule, ikining'iniza mashati ya watu kama mkutano wa vizuka wenye heshima zao. Kwenye msumari kando ya meza kilining'inia kipande cha shuka la zamani kilichojaa alama za kahawia za ncha ya pasi, utadhani bata mwenye miguu michafu alikipitia akienda na akirudi. Mteja mpya akiionea huruma blauzi yake ya hariri, Kola alimwonyesha kile kitambaa.

"Mama, pasi yangu haiingii kwa mtu bila kupiga hodi. Hodi inapigwa pale."

Miaka ya kushika nguo za watu ilikuwa imemfundisha somo moja tu, nalo ni kutomwamini binadamu. Binadamu hudanganya kwa mdomo. Nguo haina mdomo. Yule aliyeapa kwamba ameacha pombe, shati lake lilikuja likinuka mapenzi ya zamani. Yule aliyewaaga kazini kwamba yu mgonjwa kitandani, suruali yake ilikuja na majani ya uwanja wa mpira magotini.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Kola alipenda kusema, akigonga meza. "Na nguo za mtaa mzima ziko kwangu."

Mkewe, ambaye alifua wakati yeye ananyoosha, alimjibu bila kuinua kichwa kwenye beseni. "Na wewe kikulacho kiko wapi, baba? Maana nguo zako nazifua mimi, na sijaona humo ila jasho."

Walikuwa na binti mmoja. Alifanya kazi kwenye duka la dawa, na kazi yake ilitaka koti jeupe. Kila asubuhi, kabla nguo ya mteja yeyote haijapanda mezani, Kola alilinyoosha lile koti, akalitandaza juu ya mgongo wa kiti karibu na mlango, kisha akajitia shughuli nyingine. Ukimuuliza kwa nini aanze na hilo, atakwambia anaijaribu pasi. Binti hulivaa, hufunga vifungo, husema, "Nimeondoka, baba." Naye hujibu, "Mm." Ndivyo walivyoishi tangu binti akiwa na sare ya shule na meno ya mbele hana.

Usimlaumu sana kwa hiyo "mm". Kola alilelewa na mjomba ambaye salamu yake ya asubuhi ilikuwa kofi, na ya jioni ilikuwa kofi lile lile likiwa limepumzika. Alikua akiamini kwamba mtoto aliyeshiba na kuvaa ameshaambiwa yote.

Mambo yalianza kuharibika Jumapili jioni, mezani, pale binti aliposema kwamba amepata nafasi kwenye duka kubwa la dawa katika mji mwingine, na kwamba ataondoka Jumapili ijayo asubuhi.

"Peke yako?" Kola aliuliza.

"Peke yangu, baba."

"Mm," akasema. Lakini hii "mm" haikuwa ile ya siku zote. Hii ilikuwa na mkia. Msichana huyu akiona mjusi ukutani hulala chumbani kwa mama yake. Leo anataka kwenda kuishi mji asioujua, na anatabasamu? Kuna mtu. Dalili ya mvua ni mawingu, na wingu hili lilikuwa limevaa suruali.

Siku mbili baadaye Kola alikuwa katika chumba chake cha kazi akikunja mashuka ya nyumba ya wageni. Upande wa pili wa ukuta wa mbao binti alikuwa akiosha vyombo. Kola alijua kwamba mtoto ana tabia ya kutunga mashairi. Aliichukulia kama watu wanavyochukulia tabia ya kung'ata kucha, kwamba atakua aiache. Sasa akamsikia anaghani, taratibu, sauti ikipanda na kushuka na sahani:

*Kunipenda hajasema, hata neno la pembeni,*
*Yu macho tangu mapema, ningali usingizini,*
*Hunivika joto jema, likaingia mwilini,*
*Kisha hugeuka nyuma, mgeni kama jirani.*

Shuka lilibaki hewani, pembe mbili mkononi mwa Kola na mbili zikimwomba azikumbuke.

Alikaa kwenye kapu la nguo chafu akaanza kulichunguza lile shairi kama anavyochunguza doa: limetokana na nini, lina muda gani, na litatolewa na nini. Huyu mtu haamki saa za walevi. Haya. Huyu mtu hasemi kama anapenda. Mjanja, haachi ushahidi. Halafu anamvika joto. Joto! Tena mtoto akiwa usingizini! Hapo Kola alisimama. Usingizini wapi, nyumba ambayo kufuli zake anazifunga mwenyewe? Akakaa tena. Mgeni kama jirani. Akasimama mara ya pili, na safari hii hakukaa.

Kushoto kwao alikaa mama mjane na paka zake. Kulia alikaa Fundi Saa.

Fundi Saa alikuwa rika lake Kola, mwembamba kama mshale wa sekunde, hajaoa, na mwaka mzima alivaa fulana mbili zikipokezana zamu. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa nyumba ya Kola, na mtu akisimama vizuri dirishani anaweza kuona meza yake, saa zake zilizofunguliwa matumbo, na kile kioo kidogo anachokibana jichoni. Kola hakuwa na kawaida ya kusimama vizuri dirishani. Kuanzia siku hiyo hakusimama pengine.

Na kweli, mtafuta hakosi. Kesho yake jioni binti akirudi kazini hakuja nyumbani moja kwa moja. Aliingia kibandani. Akainama mezani, akawa ananong'ona. Fundi Saa akafumba macho, akawa anagonga meza kwa kidole, tak, tak, tak, kama anayeonja utamu wa jambo. Akatikisa kichwa. Binti akacheka, akanong'ona upya. Kidole kikagonga. Mwishowe yule bwana akatoa kioo chake jichoni, akajifuta machozi kwa upindo wa fulana.

"Machozi!" Kola alimwambia shati lililokuwa mbele yake. "Mzee mzima, machozi!"

Harufu ya moto ndiyo iliyomrudisha kazini, akainua pasi katika nukta ya mwisho. Alikuwa hajaunguza nguo ya mtu tangu aanze kazi, na nusura aanze na shati la mfungisha ndoa. Hilo nalo akaliona ni dalili.

Asubuhi iliyofuata Fundi Saa alitokea mlangoni na koti la suti mkononi. Koti lilinuka dawa ya nondo mpaka mashati kwenye kamba yakajisogeza.

"Jirani," alisema, "nisaidie hili. Nalitaka Jumamosi."

"Koti?" Kola aliuliza. "Wewe?"

"Kwani mimi sina mabega?"

"Mabega unayo. Sijui umeyapatia wapi kazi. Unaoa?"

Fundi Saa alicheka, akatazama pembeni. "Nina mwaliko tu. Mambo ya watu, siwezi kuyasema kabla siku yake haijafika."

"Mwaliko wa nani?"

"Jirani, unanifulia koti au unaniandikia maelezo polisi?"

Kola alilipokea lile koti kwa vidole viwili. Mwenyewe alipoondoka, alilipekua mifuko kama ilivyo desturi ya kila dobi, akakuta kitambaa cha mkononi, kisafi, kimekunjwa pembe nne. Mwanamume anayejua kwamba atalia Jumamosi, tena amejiandaa! Basi Kola akachukua sufuria la wanga. Kola ya kawaida hupata mchovyo mmoja mwepesi. Ya Fundi Saa aliichovya, akaikausha, akaichovya tena, akainyoosha, akaichovya kwa mara nyingine kwa ajili ya roho yake mwenyewe, mpaka ukiigonga inajibu kama mlango.

Mkewe aliingia akamkuta anatabasamu peke yake.

"Nani amekufa?"

"Bado," alisema Kola. "Mama watoto, hebu nijibu kitu. Mtoto wetu na huyu mtengeneza saa, kuna nini?"

Mama aliweka beseni chini. Alimtazama mumewe kwa muda, na uso wake ulifanya kazi kubwa ya kutofanya kitu. "Kuna nini kivipi?"

"Nimewaona. Anamnong'oneza, mzee anafumba macho. Na kuna shairi. Nimelisikia kwa masikio yangu."

"Ukalisikia lote?"

"Nililosikia limenitosha."

"Anamwita baba mdogo, yule."

"Siku hizi 'baba mdogo' ndilo jina la wachumba."

Mama alijifuta mikono polepole. "Umemuuliza mtoto?"

"Mwizi haulizwi kama ameiba."

"Sawa, usimuulize. Lakini Jumamosi alasiri anasoma shairi lake ukumbi wa maktaba, na ametualika sote wawili. Amekaa wiki nzima anatafuta namna ya kukwambia, anakuogopa."

"Niende nikaisikilize aibu yangu nikiwa nimeketi kwenye kiti?"

"Unaweza kusimama," alisema mkewe, akachukua beseni lake. Baadaye alijuta kumpa wazo hilo.

Ijumaa asubuhi kulikuwa na baridi ya kuuma meno, na ukungu umekaa barabarani kama mgeni asiyeaga. Kola aliwasha pasi. Akalitoa koti jeupe kwenye kamba, limekunjamana kama lilivyokauka, akalitazama. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo la maji. Akaurudisha. "Si ana wa kumvika joto?" alisema kimoyomoyo. "Basi na amvike." Akalitupa lile koti kwenye kiti, na mikunjo yake yote, akavuta mezani shuka la nyumba ya wageni.

Binti alikuja. Akasimama mbele ya kiti. Akalishika koti kwanza kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mgonjwa, akatazama pasi iliyokuwa inatoa mvuke, akamtazama baba yake mgongoni. Kisha akalivaa hivyo hivyo, akafunga vifungo.

"Nimeondoka, baba."

Kola hakujibu hata ile "mm".

Dirishani alimwona anavuka barabara, amejikumbatia, mabega yamepanda hadi masikioni. Ilikuwa ndiyo haki aliyoitaka, na ilikuwa imefika mlangoni kwake ikiwa nzima. Sasa kwa nini ilikuwa chungu mdomoni? Alinyoosha lile shuka mara mbili bila kujua.

Jioni hiyo, kupitia ukuta ule ule wa mbao, aliwasikia mama na binti.

"Mimi sisomi kesho, mama."

"Kwa nini?"

"Baba amelisikia. Leo hata koti hakuligusa. Hajawahi kuliacha, mama, tangu nizaliwe hajawahi. Kama limemkera hivyo, basi nalifuta, na Jumapili naondoka kimya kimya. Na huko nikifika sitamsumbua na safari za kurudi rudi."

Sauti ilikatika mwishoni. Kola, upande huu, alikuwa ameshika ubao wa ukuta. Neno la kurudi lilimchoma chini ya mbavu. Lakini mwenye wivu hata akichomwa hutafuta aliyeleta sindano. *Amelisikia*, kumbe kuna la kufichwa! *Limemkera*, kumbe anajua kwamba ni la kukera!

"Utasoma," alisema mama. "Nimekwisha kuazima viatu."

Ukumbi wa maktaba ulikuwa na viti vya plastiki, jukwaa la mbao lililolia likikanyagwa, na kipaza sauti chenye hasira. Kola alichagua kiti cha nyuma kabisa, mahali pa mtu anayetaka kuona shingo za wenzake. Shati lake lilikuwa limenyooka kiasi kwamba ungeweza kukata nalo mkate. Mkewe alikaa kando yake, mkono mmoja juu ya goti la mumewe, si kwa mapenzi bali kama mtu anavyoweka jiwe juu ya karatasi siku ya upepo.

Fundi Saa aliingia akaketi mstari wa mbele. Ile kola ilikuwa imemshika kama askari. Alipotaka kumsalimu mtu wa kulia ilibidi ageuke mwili mzima, miguu na yote. Wa kushoto akamwacha bila salamu. Kola alipata faraja ndogo.

Walisoma wengine kwanza: mmoja wa maua, mmoja wa uongozi bora, mmoja ambaye hakuna aliyejua ni wa nini. Ndipo binti akapanda. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, na koti jeupe, siku ya pili bila pasi, juu ya gauni lake lilikuwa limekunjamana kama uso wa mtu aliyeamshwa. Wanawake wawili mbele ya Kola wakaegemeana.

"Huyu si ndiye mtoto wa dobi?"

"Ndiyo maana wanasema mpishi hufa na njaa."

Kola alihisi masikio yanapata moto kuliko pasi. Na hapo hapo binti akaanza, macho yake yakitafuta mtu kwenye viti. *Kunipenda hajasema.* Kola akahesabu wanaume waliokuwa wanatabasamu. *Yu macho tangu mapema.* Fundi Saa akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile kitambaa. *Hunivika joto jema.* Watu wakaguna kwa utamu. Mkono wa mkewe ukalielemea goti kwa nguvu zake zote. *Kisha hugeuka nyuma, mgeni kama jirani.*

Jiwe lilikuwa dogo na upepo ulikuwa mkubwa. Kola alisimama, kiti kikaruka nyuma kikaanguka.

"Asimame!" alinguruma. "Huyo jirani asimame, watu wamwone!"

Ukumbi mzima uligeuka, isipokuwa Fundi Saa, ambaye hakuweza.

"Baba yangu wee," alisema mkewe, akajifunika uso kwa mtandio.

Mwenye shughuli alinyanyuka, kipaza sauti kikapiga kelele. Binti, kule juu, alikuwa amepauka. Kwa kitambo kidogo ilionekana kama atashuka, atapita katikati ya viti vile, atatoka mlangoni, na mlango huo hautamrudisha. Alishika ukingo wa koti lake lililokunjamana. Akavuta pumzi.

"Kaa, baba," alisema kwenye kipaza sauti, bila hasira. "Kuna ubeti wa pili."

Hakukaa. Kiti kilikuwa chini. Basi aliusikiliza akiwa wima, kama mtu anayesomewa hukumu:

*Nje baridi si kiasi, asubuhi ya ukungu,*
*Hunyosha kwa wasiwasi, mikono na kola yangu,*
*Ati ajaribu pasi, kwanza kwenye nguo yangu,*
*Nami nikatoka kasi, na joto la baba yangu.*

Ukimya ulioshuka pale ungeweza kuutandaza mezani ukaupiga pasi. Halafu mtu mmoja akacheka, akafuatwa na mwingine, na kicheko kikageuka makofi, na makofi yakageuka watu kusimama. Kwa hiyo mwishowe Kola hakuwa peke yake aliyesimama, na hilo pekee ndilo lililomsitiri.

Mlangoni Fundi Saa alimsogelea, kifua mbele. "Mtoto alikuwa anakuja kwangu nimhesabie mizani kwa kidole," alisema. "Anasema saa zangu hazikosei silabi. Ningekutazama usoni nikikueleza, jirani, lakini hii shingo umeninyooshea mwenyewe."

Kola alisema, "Mm."

Mtu wa kawaida angeomba radhi usiku ule ule, maisha yakaendelea. Lakini shingo ile haikupata jina lake bure. Alipoamka Jumapili, ukungu uko pale pale, na begi la binti limekwisha kukaa karibu na mlango, Kola alikuwa amekwisha kupata utetezi wake, na aliupenda.

"Umenizulia jambo mbele za watu," alianza, binti alipoingia chumbani kwake akiwa na koti jeupe mkononi.

"Nimezua nini, baba?"

"Ulivyosema pale. Mambo ya joto, sijui wasiwasi. Watu sasa wananitazama kama mama mjamzito. Mimi nilikuwa nafanya kazi. Dobi lazima aijaribu pasi kabla ya kugusa nguo ya mteja. Ikiwa kali, iunguze ya nyumbani, isiunguze ya watu. Hiyo ni kanuni ya kazi, wewe umeigeuza mashairi."

"Kila asubuhi?"

"Pasi si kitu cha kuamini."

"Tangu nikiwa darasa la kwanza?"

"Ndiyo hiyo hiyo pasi. Ilikuwa haiaminiki tangu wakati huo." Alimnyang'anya koti mkononi. "Lete hapa. Utashuka huko na mikunjo hii waseme umelelewa porini."

Mama alikuwa ameegemea mlango, amekunja mikono.

"Kwa hiyo hukuwa unanipasha joto," alisema binti. Sauti yake ilikuwa ndogo. Begi liko mlangoni, gari linaondoka asubuhi ile, na neno hili ndilo alilokuwa anakwenda nalo. "Niseme tu kwamba nilikosea. Ilikuwa kazi."

"Kazi! Ndiyo! Wala usinitie maneno mdomoni. Kama ingekuwa hariri ya mteja iko mbele, basi ningejaribia hapo... hapana, nisingejaribia hapo. Ndiyo maana nasema. Nguo ya kujaribia ilikuwa yako. Basi. Tusiongezee chumvi."

Huku akisema hivyo alikuwa anafanya lile ambalo mikono yake ilizoea, bila kuiomba ruhusa akili. Aliinua pasi. Akakitoa kile kitambaa kwenye msumari, akakitandaza pembeni ya meza, akakikandamiza. Moshi mwembamba ukapanda, na bata akaacha unyayo mmoja mpya, wa kahawia, juu ya zile nyingine. Kali mno. Akasubiri. Akaigusa tena pale pale; unyayo ukatoka hafifu. Akasubiri tena, akagusa, kitambaa kikabaki cheupe. Hapo ndipo alipolivuta koti la binti yake, akalinyunyizia maji, na kuanza na kola, taratibu, mvuke ukimfunika uso.

"Pasi lazima ijaribiwe," aliendelea kufundisha, akigeuza mkono wa kushoto na kisha wa kulia, "na nguo ya kujaribia ni ya mwenye nyumba. Uliza dobi yeyote. Mapenzi hayamo hapo."

Alimaliza. Akamkabidhi koti likiwa bado linafuka. Binti alilivaa, akafunga vifungo mpaka juu, akasimama kidogo ndani ya lile joto, macho yake yakiwa kwenye kipande cha shuka kilichokuwa kimelala mezani.

"Baba," alisema, "kama nguo ya kujaribia pasi ilikuwa yangu, mbona miaka yote hii kilichoungua ni hicho kitambaa?"